Kristofa wa babu na kalenda ya 1969

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 13 na mwaka huu anapokea kipaimara hapa Mwanza. Amechagua jina la Kristofa. Ni jina la babu yake mzaa baba, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kivuko cha Kigongo na Busisi. Babu alimwachia mume wangu medali ya Mtakatifu Kristofa, na mume wangu, ambaye ni mvuvi, anaifunga kwenye mtumbwi. Upepo ukichafuka husema 'Kristofa yupo', basi anakwenda. Sasa mwanajumuiya mmoja kasema mbele ya watu kwamba Roma ilimfuta Kristofa kwa sababu hakuwahi kuwepo, na kwamba hata Joji wa joka ni hivyohivyo. Katekista kamshauri mtoto achukue Kizito, yule kijana wa Mashahidi wa Uganda, 'huyo ana uhakika'. Mume wangu kakasirika, hataki kusikia. Mimi naogopa: tumekuwa tukimwomba mtu ambaye hayupo? Na mtoto kila usiku ananiuliza kama Kristofa, lile jitu la hadithini, alimbeba Yesu mtoni kweli, au ni hadithi tu. Nimjibu nini?"

Marahaba, mama, na hongera kwa kumfikisha kijana hapo alipofika. Nianze na linalokunyima usingizi. Kristofa hajafutwa. Yumo katika Martirolojia ya Kirumi, kitabu rasmi cha Kanisa kinachotaja watakatifu siku kwa siku, tarehe 25 Julai, kama shahidi wa Likia, nchi ambayo leo ni pwani ya kusini ya Uturuki. Mwenzenu wa jumuiya kashika mkia, akadhani kashika ng'ombe mzima.

Mkia wenyewe ni huu. Februari 1969 Papa Paulo VI alitangaza mpango mpya wa kalenda ya liturujia. Kwa karne nyingi sikukuu za watakatifu zilikuwa zimerundikana hadi zinazifunika Dominika na Kwaresima, na nyingi zilikuwa za watakatifu wa Italia waliowekwa kwa dunia nzima. Basi zikapunguzwa. Kristofa aliingia katika kalenda ya Roma kwa kuchelewa, karne ya 16, na tena kama kumbukumbu ndogo tu. Wapangaji waliona kwamba heshima yake ni ya kale lakini si ya mapokeo ya Roma, wakaziachia nchi na majimbo yanayompenda waendelee naye. Hakuna aliyesema hakuwepo. Kutolewa kwenye ratiba ya Misa ya dunia nzima ni jambo moja. Kutolewa kwenye daftari ni jingine, na hilo halikutokea.

Ukitaka mfano wa kumpa huyo ndugu, mpe wa Katarina wa Aleksandria. Naye alitoka kwenye kalenda mwaka 1969, kisha akarudishwa mwaka 2002. Kama kutoka maana yake ni kutokuwepo, ina maana aliumbwa upya mwaka 2002? Na Joji hakutoka kabisa. Yupo palepale, 23 Aprili, kumbukumbu ya hiari. La joka lake ni habari nyingine, na linafanana na la jitu lenu.

Lakini nisikudanganye mama kwa kuishia hapo, maana swali la mtoto ni zito kuliko la wakubwa. Wakubwa wanauliza kama jina liko kwenye orodha. Yeye anauliza kama *ilitokea*.

Sisi tunaofundisha historia ya Kanisa tunapomchunguza shahidi wa zamani hatuanzi na hadithi yake. Tunaanza na vitu viwili vikavu: siku na mahali. Wakristo wa kwanza walikuwa na desturi ya kukusanyika kila mwaka kwenye kaburi la shahidi wao, siku ileile aliyouawa, wakaadhimisha Ekaristi. Waliiita siku yake ya kuzaliwa. Barua ya Wakristo wa Smirna juu ya kuuawa kwa askofu wao Polikarpo, katika karne ya 2, inaitaja desturi hiyo. Hadithi huongezewa chumvi kila inaposimuliwa, lakini kaburi halihami na tarehe haina utamu wa kuongeza. Mjesuiti Mbelgiji, Hippolyte Delehaye, alitumia maisha yake kuwapima watakatifu kwa kipimo hicho. Alikuwa mmoja wa Wabollandisti, kundi la watafiti ambao tangu mwaka 1643 wamekuwa wakichapa maandiko yote ya kale juu ya watakatifu na kupepeta pumba. Watu wengine waliwaona kama wapinga imani. Mimi naona walifanya kazi ya kukung'uta mkeka kabla mgeni hajakaa.

Ukimweka Kristofa kwenye kipimo hicho, anapata nini? Kuna maandishi ya kwenye jiwe yaliyopatikana Kalsedoni, ng'ambo ya Konstantinopoli, yanayoeleza kutabarukiwa kwa kanisa la Mtakatifu Kristofa mwaka 452. Mapokeo yanamweka katika dhuluma ya Kaisari Decius dhidi ya Wakristo, yaani kati ya mwaka 249 na 251. Kwa hiyo miaka 200 hivi baadaye watu walikuwa tayari wanamjengea kanisa. Hiyo si haba. Inatosha kusema kwamba nyuma ya jina hili kuna shahidi aliyeheshimiwa mapema sana. Haitoshi kusema alikuwa na urefu gani, wala alivuka mto upi.

Na ule mto, mama, hautajwi kabisa katika masimulizi ya zamani zaidi. Yale ya Mashariki yanasema alitoka katika nchi ya watu wenye vichwa vya mbwa, akabatizwa, akahubiri, akateswa, akafa. Zipo ikoni za Mashariki zinazomwonyesha hivyo hasa: joho la askari, msalaba mkononi, na juu ya mabega kichwa cha mbwa. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu picha hiyo kwa mara ya kwanza darasa zima lilicheka, na mmoja akaniuliza kama tunaruhusiwa kuchekea mtakatifu. Nikamwambia acheke tu. Kwa watu wa wakati ule, kichwa cha mbwa kilikuwa namna ya kusema "huyu katoka mwisho wa dunia, mahali ambapo hatujui kama kuna watu". Ujumbe ulikuwa kwamba hata huko neema imefika.

Mto na mtoto vilikuja baadaye, huko Magharibi, katika Zama za Kati. Aliyevisambaza ni Mdominiko wa Italia, Jacobus de Voragine, ambaye katika miaka ya 1260 alikusanya habari za watakatifu katika kitabu kilichonakiliwa Ulaya nzima. Humo ndimo limo jitu la mwanao, na humohumo limo joka la Joji.

Msimulie mtoto hadithi yote, maana wengi wanaijua nusu. Jitu linaitwa Reprobo, mtu aliyekataliwa, na linataka kumtumikia mfalme aliye mkuu kuliko wote. Linampata mfalme, likaona anajifanyia ishara ya msalaba kila shetani anapotajwa. Aha, anamwogopa! Linamwacha, linakwenda kumtumikia shetani. Njiani shetani anaona msalaba kando ya barabara, anaukwepa na kuzunguka porini. Naye anaogopa! Linamwacha pia, linamtafuta mwenye msalaba. Linampata mzee mkaa-pweke, linaambiwa mfalme huyo anataka ufunge. Linasema: siwezi kufunga. Basi anataka usali sana. Linasema: sijui kusali. Mzee anafikiri, kisha anamwambia: unauona mto ule? Watu wanakufa pale kila siku wakivuka. Wewe ni mrefu, una nguvu. Kaa pale, uwavushe.

Hapo ndipo mimi husimama kila ninapofundisha. Mkaa-pweke hakumfukuza. Hakumwambia arudi akijua kusali. Alimpa kazi inayolingana na mabega yake. Usiku mmoja mtoto anaita, jitu linambeba begani, maji yanapanda, na mtoto anazidi kuwa mzito hadi miguu inatetemeka. Ng'ambo, jitu linasema: nilihisi kama nimebeba dunia. Mtoto anajibu: umembeba na aliyeiumba. Babu wa mwanao, aliyekaa miaka kwenye kivuko akivusha watu, mizigo na wagonjwa kati ya Kigongo na Busisi wakati daraja halijakuwepo, hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia hadithi hii. Nadhani aliielewa kuliko mimi.

Imetoka wapi, basi? Kwa kiasi kikubwa, imetoka kwenye jina. Kristoforo ni Kigiriki, "mbeba Kristo". Wakristo wa kale walitumia majina ya namna hiyo kwa maana ya moyoni. Ignasio wa Antiokia alijiita Theoforo, mbeba Mungu, na hakuna aliyedhani kabeba mtu mgongoni. Lakini mpe mchoraji jina hilo achore ukutani, atachora nini? Atachora mtu kabeba mtoto. Mtazamaji naye anauliza, mbona yuko majini, na fimbo ya nini? Jibu la swali hilo linakuwa hadithi. Huo si uongo wa mtu aliyekaa akapanga kudanganya. Hata sisi tunao Fumo Liongo. Wasomi wengi wanakubali alikuwapo, shujaa na malenga wa pwani ya Kenya, na tungo zinazotajwa kuwa zake zinaimbwa hadi leo. Ile habari kwamba hakuuawa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, hiyo ni hadithi iliyoota juu ya kichwa chake kama mwerezi juu ya kaburi. Hakuna anayesema Liongo amefutwa.

Kwa hiyo mtoto akiuliza usiku, mjibu vyote viwili bila kuona haya: Kristofa alikuwa mtu, aliuawa kwa ajili ya Kristo, na watu wakamheshimu tangu zamani. Ya mtoni ni hadithi ambayo Wakristo walitunga juu ya jina lake, na ni nzuri. Mwenye miaka 13 anaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja. Asichoweza kubeba ni kugundua akiwa na miaka 20 kwamba mama alijua na akamficha.

Nije kwa baba yake, na hapa mama nitasema bila kuzunguka. Hasira yake naielewa, maana aliyeguswa si Kristofa wa Likia, ni baba yake mzazi. Mwambie medali ile haina kosa. Lakini "Kristofa yupo", halafu mtu anasukuma mtumbwi kwenye upepo? Hilo ndilo kosa la kale kuliko yote katika habari za mtakatifu huyu. Huko Ulaya Zama za Kati walimchora mkubwa mno kwenye ukuta unaotazamana na mlango wa kanisa, kwa sababu watu waliamini kwamba ukimwona Kristofa asubuhi hutakufa siku hiyo. Erasmus wa Rotterdam, padre na msomi, aliwadhihaki mwaka 1511, karne nne na nusu kabla ya kalenda mpya. Tofauti ya medali na hirizi haiko kwenye chuma. Hirizi unaitegemea *badala ya* kufanya kitu. Medali inakukumbusha Mungu *wakati* unafanya kitu. Jitu lenyewe kwenye hadithi lilishika fimbo, mama, ili lipime kina. Kama mtumbwi wa mumeo hauna maboya ya kuvaa kwa kila aliyemo, pesa ya sherehe ya kipaimara ipunguzwe, maboya yanunuliwe kwanza. Na kuhusu upepo awasikilize wazee wa mwaloni na wenzake wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, si mimi. Mwanza hii, iliyowazika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, haihitaji kuelezwa ziwa ni kitu gani.

Sasa Kizito. Katekista wenu hakukosea kumtaja, ila sababu aliyoitoa ni nusu. Ni kweli kwamba Mashahidi wa Uganda tunawajua kwa namna ambayo hatutamjua Kristofa kamwe. Waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887, wengi wao Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Baadhi ya vijana waliokuwa wamefungwa tayari kuchomwa waliachwa hai, akiwemo Denis Kamyuka, na baadaye walisimulia walichokiona: nani alitembea mbele, nani alisema nini, Kizito mdogo akimshika mkono Karoli Lwanga. Benedikto XV aliwatangaza wenyeheri mwaka 1920, na Paulo VI, huyuhuyu wa kalenda, akawatangaza watakatifu 22 Wakatoliki tarehe 18 Oktoba 1964, na katika mahubiri yake akawakumbuka pia Waanglikana waliouawa pamoja nao.

Lakini jambo ambalo watoto wetu wa Mwanza hawaambiwi ni kwamba habari hii ilipita mlangoni kwao. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, wa kwanza waliokwenda Buganda, ufalme ulio ndani ya Uganda ya leo, walipitia pwani hii ya kusini ya ziwa, wakavuka kwa mitumbwi mwanzoni mwa 1879. Novemba 1882 hali ilipokuwa ngumu wakaondoka Buganda, wakarudi huku na kuweka makao Bukumbi, ambayo leo ni wilaya ya Misungwi. Hadi waliporudi Julai 1885, Wakatoliki wapya wa Buganda hawakuwa na padre hata mmoja. Walioshika imani ni walei: Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa, Mathias Mulumba. Waliwafundisha wenzao, waliwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Wamisionari waliporudi hawakukuta kanisa limekufa, walikuta limeongezeka. Miezi michache baadaye Mukasa akauawa, tarehe 15 Novemba 1885.

Na kuna kipande ambacho nikikisimulia watu hudhani nimetunga. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda aliyetoa amri ya kuwaua mashahidi wale, alipinduliwa mwaka 1888. Akakimbia kwa mtumbwi kuja huku kusini, akafikia Magu, na mwishowe akapokelewa na mapadre palepale Bukumbi. Mfalme aliyewachoma "wasomaji", kama Wakristo wa Buganda walivyoitwa, alikula na kulala kwa walimu wa wasomaji. Hiyo si hekaya ya karne ya 13. Hiyo ni safari fupi kutoka hapo ulipo.

Hata hivyo sitaki umwambie mtoto kwamba historia iliyothibitishwa ni rahisi kuliko hekaya. Mwanga alikuwa kijana, hakufika miaka 20, kazungukwa na wageni wenye bunduki na washauri waliomwambia kwamba Wazungu watamlia nchi. Kwa hilo la mwisho hawakukosea sana. Siasa, hofu, ghadhabu ya mfalme aliyenyimwa alichotaka na vijana wa nyumbani kwake, vyote vimo. Kanisa halitangazi kwamba habari ilikuwa nyepesi. Linatangaza kwamba hawa, katikati ya hayo, hawakumkana Kristo.

Achague yupi, basi? Kwanza ujue kwamba Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 855, zinataka tu kwamba jina linalotolewa wakati wa ubatizo lisiwe geni kwa mwelekeo wa Kikristo. Kristofa hawezi kukataliwa kwa hilo. Kwa kipaimara hakuna sheria inayomlazimu kijana kubadili jina. Ni desturi nzuri ya kwetu ya kujichagulia somo, yaani mtakatifu wa kutembea naye. Mimi ningemwacha na Kristofa, kwa sababu kamchagua mwenyewe na kwa sababu ya babu. Kama moyo wake umevutwa na Kizito baada ya kusikia haya ya Bukumbi, amchukue Kizito kwa furaha. Amchukue kwa kuwa kampenda, asije kumchukua kwa kuwa ameaibishwa mbele ya jumuiya. Kuna faida ya wazi kwa Kizito: ni mwenyeji, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi, na tunajua alivyokufa. Faida ya Kristofa ni kwamba jina lake tayari lina mtu nyumbani kwenu.

Lisilofaa kuamuliwa kwa kuandikiana na mimi ni lile la jumuiya. Nenda kwa paroko wewe na mumeo pamoja, na mtoto mkimpenda awepo. Mwombeni aieleze kalenda ya 1969 mbele ya watu walewale, dakika tano tu zinatosha, ili asije mtu mwingine akatishwa hivyo. Na kama mumeo hata baada ya hapo bado anakaa kimya na chakula hakiliki, mama, huenda linalouma si medali. Ni msiba wa baba yake ambao haujaliliwa, na hapo mtafute mzee wa upande wake anayemheshimu, akae naye.

Kabla ya kipaimara mpeleke kijana Bukumbi. Ni upande uleule wa kwenda Kigongo, kwa hiyo mnaweza kuendelea hadi darajani akaone maji ambayo babu yake aliyavuka. Na tarehe 25 Julai mwende kanisani wote. Misa ya siku hiyo, isipoangukia Dominika, ni ya Yakobo Mtume mwana wa Zebedayo, na Kristofa kawekwa kando yake. Yakobo alikuwa mvuvi wa ziwani, na alianza kazi kwenye mtumbwi wa baba yake. Mumeo atakaa mbele.